Kirungu cha Usukani wa Trekta: Kifungwe Lini, na Lini Kiachwe



Vikundi vilivyochanga pesa na kununua trekta kuukuu vinajua jinsi mambo yanavyokuwa msimu wa kulima unapokaribia. Dereva anakuja kwa mwenyekiti na orodha yake: mafuta ya injini, fenibelti, tairi moja ya mbele, na mara nyingi mwisho wa orodha kuna kirungu cha usukani. Bei yake si kubwa ukilinganisha na tairi, kwa hivyo kamati inapitisha bila maswali. Katika ukurasa huu nataka tuulize hayo maswali, kwa sababu kitu hiki kidogo kinaweza kurahisisha kazi sana, na pia kinaweza kuvunja mkono wa dereva katikati ya msimu.

Kwa wale ambao hawajakiona, kirungu ni kishikio cha mviringo, ukubwa wake kama yai la bata, kinachofungwa juu ya duara la usukani kwa kibano cha chuma. Kinazunguka chenyewe juu ya bolti yake. Dereva anakishika kwa kiganja kimoja na kuzungusha usukani mfululizo bila kubadilisha mikono. Ukienda kwenye magodauni utakiona kwenye foklifti, maana mwendesha foklifti hugeuza gari lake kutwa nzima, mkono mmoja ukiwa kwenye levi. Kuna pia watu waliopoteza mkono ambao wanaendesha gari kwa msaada wake. Kilianza kutumika Marekani miaka ya 1930, na Wamarekani wenyewe walikipa jina la kutisha: kirungu cha kujiua. Jina hilo halikutoka hewani.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Kirungu hakipunguzi uzito wa stelingi hata kidogo. Kiko pale pale kwenye duara, umbali ule ule kutoka katikati ya usukani, kwa hivyo nguvu inayotakiwa ni ile ile. Kinachobadilika ni kwamba mahali palipovuta mikono miwili sasa unavuta mmoja. Kazi ya kirungu ni kuongeza kasi ya kugeuza. Dereva akiwaambia, "Ninunulieni kirungu, stelingi imekuwa nzito," anawaeleza ugonjwa halafu anaomba dawa ya ugonjwa mwingine.

Stelingi ikiwa nzito kuna sababu, na nyingi ni za bei rahisi. Tazameni upepo wa tairi za mbele, maana tairi laini hung'ang'ania udongo. Tazameni kama vichwa vyote vya kupigia grisi kwenye ekseli ya mbele vinapokea grisi, au vimezibwa na matope ya mwaka juzi. Fungueni kifuniko cha gia boksi ya stelingi mwone kama kuna mafuta ndani. Kisha mtu mmoja azungushe usukani polepole, huku mwingine akitazama magurudumu ya mbele. Usukani ukisafiri zaidi ya upana wa kiganja kabla gurudumu halijasogea, viungo vimelegea, na hiyo ni kazi ya fundi. Kufunga kirungu juu ya stelingi iliyolegea ni kuficha jipu kwa shati.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Trekta nyingi za zamani zilizo mikononi mwa vikundi, kama zile Massey Ferguson 35 na 135 ambazo hazikuwekewa pawa stelingi, zina vyuma vitupu vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Wewe ukizungusha usukani, gurudumu linageuka. Lakini njia hiyo ina pande mbili. Gurudumu likigonga jiwe, kisiki au kichuguu, linageuka lenyewe, na usukani nao unazunguka ghafla kwa nguvu kuliko mkono wa mtu. Madereva husema usukani "umepiga teke."

Kama umeshika duara peke yake, linateleza ndani ya viganja na unapona. Ndiyo maana wazee waliojifunza trekta zamani hufundisha vijana wao kuweka vidole gumba juu ya duara, visiingie ndani, kwa sababu mkono wa chuma wa usukani unapokuja kasi huchukua kidole gumba pamoja nao. Lakini kirungu hakitelezi. Kimesimama juu kama ngumi, na usukani ukipiga teke kinakwenda nao. Mkono ulioking'ang'ania unapindishwa kwenye kifundo. Mkono uliokiachilia haraka unaweza kugongwa bado, kwa maana kirungu kinazunguka na kurudi. Kinaweza pia kunasa mkono wa shati au wa koti la mvua, na hapo dereva hana tena usukani, usukani ndio una dereva.

Fikirieni mashamba yetu. Kuna sehemu za Uasin Gishu ambako murram iko karibu sana na juu ya udongo. Magharibi kuna vichuguu vilivyojificha ndani ya nyasi. Shamba lililofyekwa karibuni lina visiki, na shamba lenye makinga maji lina matuta ambayo gurudumu moja hupanda kabla ya lingine. Katika shamba la namna hiyo, na trekta isiyo na pawa stelingi, ushauri wangu ni mfupi: msifunge kirungu. Dereva atalalamika kidogo. Mwacheni alalamike akiwa na mikono miwili mizima.

Trekta yenye pawa stelingi ni habari nyingine. Kwenye zile ambazo usukani unasukuma mafuta tu na hakuna chuma kinachoungana na magurudumu, mafuta ndiyo yanayopokea pigo la jiwe, na teke halifiki kwenye usukani kwa nguvu ile. Kwenye zile za zamani ambazo pampu inasaidia tu na vyuma bado vipo, teke hupungua lakini haliishi. Mtajuaje trekta yenu ni ipi? Zimeni injini mjaribu usukani, kisha iwasheni mjaribu tena pale pale. Ikiwa imekuwa laini, pawa stelingi ipo na inafanya kazi. Ikiwa hakuna tofauti, ama haipo ama imekufa, na kwa jambo hili la kirungu yote mawili ni sawa. Aina yenyewe mwulizeni fundi aingie chini ya trekta aangalie.

Kazi zinazofaa kirungu ni zile za kugeuka mara nyingi kwa mwendo wa pole mahali palipo sawa. Kama trekta yenu ina kijiko cha mbele cha kupakia mchanga au samadi, dereva anaenda mbele na kurudi nyuma siku nzima, mkono wa kulia ukiwa kwenye levi za kijiko. Hapo kirungu kinastahili pesa yake. Pia kurudisha trela nyuma katika uwanja mwembamba wa ghala. Kulima kwa plau mistari mirefu hakuhitaji kirungu. Pale mwisho wa shamba dereva mzoefu anageuza vizuri kwa mikono yake.

Ikiwa mmeamua kufunga, zimeni injini, mtoe ufunguo, mteremshe plau au kijiko hadi chini, mvute breki na kuweka mawe kwenye magurudumu. Magurudumu ya mbele yatazame mbele kabisa. Pimeni unene wa duara kwa kuzungushia uzi kabla hamjaenda dukani, na mwende na huo uzi. Kibano kikubwa kuliko duara hakitakaza hata ukitia nguvu za Samsoni. Chagueni kibano cha bolti mbili. Kile cha bolti moja hupinduka upande. Zipo aina ambazo kirungu hukunjika na kulala chini kisipotumika. Ikiwa pesa inaruhusu, nunueni hiyo.

Osheni duara kwa sabuni na maji, si kwa dizeli, kwa sababu dizeli huacha utelezi. Likague. Plastiki ya usukani wa zamani hupasuka kwa jua, na ukikuta nyufa hadi chuma kinaonekana, badilisheni usukani kwanza. Kateni kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli mkizungushie mahali pa kibano ili kishike. Mahali penyewe ni upande wa kushoto, ikiwa levi ziko kulia kama ilivyo kwenye trekta nyingi. Wazieni usukani kama uso wa saa ya ukutani: kifungeni kati ya namba 8 na namba 10, karibu na mkono wa chuma wa usukani, ambapo duara halipindi. Dereva mwenyewe awe ameketi, na kiwiko chake kibaki kimekunjika kidogo akikishika. Dereva mfupi na dereva mrefu hawatataka mahali pamoja, kwa hivyo kipimwe kwa yule anayefanya kazi.

Kazeni nati kidogo huku, kidogo kule, mpaka zote zikaze sawa, na mtie washa za springi. Ncha za bolti zikitokeza chini, zikatwe na kupigwa tupa, la sivyo zitachuna vidole. Halafu zungusheni usukani hadi mwisho kulia, na hadi mwisho kushoto, mkitazama kama kirungu au bolti zake zinagusa goti, tumbo, au ile levi ya mafuta iliyo karibu na nguzo ya usukani. Levi hiyo ikisukumwa bila dereva kujua, trekta inaongeza kasi katikati ya kona. Jaribuni kwanza uwanjani kwa gia ndogo. Jioni ya siku ya kwanza kazeni tena, kwa sababu tyubu hulala, na tangu hapo kila siku ya kupiga grisi.

Neno kwa wale wanaopenda njia ya mkato. Msichomelee nati kwenye usukani, na msitoboe duara. Moto huharibu plastiki, tundu hudhoofisha chuma, na kirungu kilichochomelewa hakizunguki wala hakitoki. Kile kisichozunguka ndicho kibaya kuliko vyote, maana kinasugua kiganja na kukazania mkono wakati wa teke. Mafundi wetu wa jua kali wana akili nyingi, lakini hapa wapewe kazi ya kukaza nati tu.

Trekta ikitoka shambani kuingia barabarani, kirungu kikunjwe au kifunguliwe, na mikono yote miwili irudi kwenye duara. Sababu ni ile ile kasi. Mkono kwenye kirungu hugeuza usukani mwingi kwa mara moja, na kwa mwendo wa barabara, trela ikiwa nyuma, kona ya ghafla hupindua trekta. Pedali mbili za breki nazo ziunganishwe. Na watoto wasipande kwenye madigadi. Tunasema kila mwaka, lakini sasa kuna sababu zaidi: mtoto akiteleza hushika kitu kilicho karibu, na kilicho karibu ni kirungu.

Kamati iandike uamuzi wake kwenye kitabu cha mkutano. Kikundi kinachomlipa dereva ni mwajiri, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi aliyeumia kazini, na awe amechukua bima ya jambo hilo. Vikundi vingi vimelipia bima ya trekta na kusahau ya dereva. Mkiulizwa siku moja nani aliruhusu kirungu, kitabu kijibu, isiwe watu kutazamana.

Na usukani ukishapiga teke, msikubali haraka dereva akisema ameteguka tu. Mvueni saa na pete kabla mkono haujavimba, mkono ulazwe kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, apelekwe hospitali yenye mashine ya eksirei. Usipigwe masaji wala kuvutwa. Kuna mfupa mdogo katika kifundo, chini ya kidole gumba, ambao huvunjika kwa namna hii na kuunga polepole, kwa sababu damu haiufikii vizuri. Uvimbe unaweza kuwa mdogo, na ufa unaweza usionekane kwenye picha ya kwanza. Maumivu yakibaki pale pale kwenye bonde lililo chini ya kidole gumba, arudi apigwe picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, na kwa muda huo mtu mwingine aendeshe trekta.