Lubumbashi: Mtoto akikataa maziwa, kalsiamu iko pia kwenye ndagala

Kikombe cha maziwa ya poda kimekaa mezani mpaka kimepoa na kufanya utandu, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu amefunga mdomo. Mama anajaribu kwa kijiko, anaongeza sukari, anajifanya kunywa yeye mwenyewe ili mtoto aige. Wapi! Hali hiyo si ngeni katika parseli za Karavia, mtaa wa Lubumbashi unaojulikana kwa hoteli kubwa yenye jina hilo kwenye barabara ya Golf, wala si ngeni katika komini za Kenya, Katuba au Kampemba. Swali linalofuata ni moja kila mahali: bila maziwa, mifupa ya huyu mtoto itajengwa na nini?

Mfupa na jino vinajengwa na kalsiamu. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na OMS, yanapendekeza miligramu 500 za kalsiamu kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Wazungu wa Ulaya wanasema 450, Wamarekani 700. Tofauti hiyo isimtie mama wasiwasi, kwa sababu hakuna anayepima sahani ya mtoto kwa mizani ya dawa. La muhimu ni kujua ukubwa wa mzigo wenyewe.

Maziwa ya ng'ombe yana karibu miligramu 120 katika kila mililita 100. Kwa hiyo mtoto anayekunywa vikombe viwili vidogo kwa siku amekaribia kumaliza hesabu yake. Maziwa ya mama yana kidogo zaidi, karibu miligramu 30 kwa kipimo hicho hicho, lakini mwili wa mtoto unayatumia vizuri sana. Ndiyo maana mtoto ambaye bado ananyonya, hata usiku tu, hajapoteza kila kitu akikataa kikombe. Mwenye hatari zaidi ni yule aliyeachishwa nyonyo mapema, mara nyingi kwa sababu mama amepata mimba nyingine, halafu akakutana na sahani ya bukari na mchuzi.

Kwa nini anakataa? Mara nyingi si ugonjwa. Mtoto aliyezoea ladha ya nyonyo anaona maziwa ya poda kama kitu kigeni, na katika umri huu kukataa ndiyo kazi yake. Wataalamu wa lishe wanasema chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 8, 10, hata 15 kabla hakijakubaliwa. Kumshika pua na kumwagia mdomoni kunamfundisha kitu kimoja tu, kuogopa kikombe. Kuna pia watoto ambao tumbo lao linavurugika baada ya kuhara kwa siku nyingi, kwa kuwa utumbo unapoteza kwa muda uwezo wa kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa. Hao hupona polepole, na mara nyingi yaurti au maziwa yaliyoganda huwakalia vizuri kuliko maziwa ya kawaida.

Njia ya kwanza basi ni kuyaficha maziwa. Vijiko viwili vya chakula vya maziwa halisi ya poda, kama gramu 16, vikikorogwa ndani ya uji unapoiva, vinaongeza karibu miligramu 150, na mtoto hajui. Kopo dogo la yaurti isiyo na sukari nyingi linaleta karibu hiyo hiyo. Fromaji ya Masisi, kwa wenye bahati ya kuipata huku Katanga, ina nguvu zaidi: kipande cha gramu 30 tu kinakaribia miligramu 200. Lakini kwa bei yake, si chakula cha kumpangia mtoto kila siku.

Hapa kuna mtego mmoja sokoni. Si kila poda nyeupe ni maziwa. Nyingine ni mchanganyiko wa mafuta ya mimea na sukari, umetengenezwa kwa ajili ya kutia kwenye kahawa. Inafaa kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti kabla ya kulipa. Maziwa ya soja ya kutengeneza nyumbani nayo ni mazuri kwa protini, ila kalsiamu yake ni kama robo tu ya ile ya maziwa ya ng'ombe. Na supu ya mifupa, ambayo familia nyingi zinaiamini, inatoa kalsiamu kidogo sana: mfupa wa ng'ombe hauyeyuki ndani ya maji hata ukichemka tangu asubuhi hadi jioni.

Mfupa wa samaki mdogo ni habari nyingine kabisa, kwa sababu huo unaliwa.

Kwenye soko la Kenya na masoko mengine ya mji, ndagala kavu, ambazo wengine wanaziita fretins au kapenta, zinauzwa kwa kopo. Zinatoka ziwa Tanganyika upande wa Kalemie na Moba, nyingine Kasenga kwenye mto Luapula, nyingine Zambia kupitia Kasumbalesa. Samaki hao wanaliwa wazima, kichwa, mwiba na mkia, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Gramu 100 za ndagala kavu zina zaidi ya miligramu 1000, mara nyingi zaidi sana ya hapo. Samaki mkubwa ambaye mtoto anapewa minofu yake tu haleti hata sehemu ndogo ya hiyo.

Je, mwili unaweza kuichukua kalsiamu ya mwiba? Swali hilo limeshajibiwa. Shakuntala Thilsted, mtaalamu wa lishe aliyefanya kazi miaka mingi Bangladesh na aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2021, pamoja na wenzake walipima jinsi watu wanavyofyonza kalsiamu ya samaki wadogo wanaoliwa na miiba yao. Majibu yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba inafyonzwa karibu sawa na ile ya maziwa.

Kwa mtoto mdogo, ndagala haziwekwi nzima kwenye sahani. Mwiba unaweza kumkwama. Kwanza zinachaguliwa na kuoshwa haraka kwa maji safi mara mbili tatu, kwa sababu nyingi zimeanikwa juu ya mchanga. Kama zimetiwa chumvi, zilowekwe na maji yamwagwe. Zikikauka tena juani juu ya kitambaa safi, zinakaangwa bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka zivunjike kwa vidole, zinatwangwa kwenye kinu, kisha unga unachekechwa kwa chekecheo chembamba ili kisibaki chochote kinachochoma. Vichwa visitupwe. Unga huo ukae kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, na utengenezwe kidogo kidogo, wa wiki moja au mbili. Kijiko kimoja cha chakula, hata kwa hesabu ya chini, ni zaidi ya miligramu 100 za kalsiamu, na kinakuja na protini na madini ya chuma, ambayo ni kidogo sana kwenye maziwa.

Harufu ndiyo inayowatisha akina mama. Nusu kijiko cha chai mara ya kwanza, ndani ya mchuzi wa nyanya au wa karanga, haisikiki sana. Baada ya siku chache, kama mtoto hana vipele wala kutapika, kipimo kinapanda. Ndani ya uji wenye sukari haufai, na atakayejaribu atajua mwenyewe kwa nini.

Mboga nazo zinasaidia, ila si zote sawa. Lengalenga ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini ina pia asidi inayoifunga, hivyo mwili unapata kidogo tu. Kuichemsha na kumwaga maji ya kwanza kunapunguza asidi hiyo. Kabichi ya Kichina, ile ya bei nafuu ambayo wauzaji wanaiita chou de Chine, ina kalsiamu kidogo kuliko lengalenga, lakini mwili unachukua karibu nusu yake, zaidi hata ya ile ya maziwa. Kwa kalsiamu, fungu la chou de Chine ndilo la kuchagua kwanza. Lengalenga ibaki mezani kwa faida zake nyingine.

Wengine watasema jua la Katanga linatosha. Halitoshi peke yake. Mjini Jos, Nigeria, mji wa jua kali, madaktari walitibu watoto 123 waliokuwa na matege ya ugonjwa wa mifupa laini. Watoto hao walikuwa wanakula karibu miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua linasaidia mwili kuichukua kalsiamu; haliwezi kuileta kama haimo kwenye sahani. Na sahani yao ilifanana sana na ya huku: nafaka nyingi, maziwa karibu hakuna.

Lubumbashi ina sababu yake ya ziada. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini Katanga wana metali nyingi mwilini, kobalti ikiongoza, na risasi, yaani plomb, ikiwemo. Mtoto anayetambaa na kuweka mikono mdomoni anakula vumbi kuliko mkubwa. Na tumbo lenye njaa ya kalsiamu au ya madini ya chuma linachukua plomb kwa wingi zaidi. Kumlisha vizuri hakuondoi vumbi, ila kunaifungia plomb mlango kidogo. Kunawa mikono kabla ya kula na kuosha mboga za majani kwa maji mengi ni sehemu ya kazi hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo pia pemba, udongo mweupe unaouzwa sokoni na ambao wengine wanadhani unatia nguvu mifupa, usimfikie mtoto. Udongo wa kula umekutwa mara nyingi na plomb ndani yake.

Kuna dalili ambazo hazingoji unga wa ndagala. Mtoto wa miezi 18 ambaye bado hatembei, miguu inayopinda zaidi kadiri anavyosimama, vifundo vya mikono vilivyovimba, au degedege bila homa: huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kutoka hapo anaweza kutumwa hospitali kubwa kama Sendwe. Siro za kalsiamu zinazouzwa kwenye famasia zisinunuliwe kwa kukisia. Kipimo kinapangwa na daktari. Kwa mtoto mwenye afya anayekataa kikombe tu, siku ya kupimwa uzito kwenye CPS inatosha kumuuliza muuguzi, na ni vizuri mama aende akiwa anakumbuka mtoto alikula nini jana tangu asubuhi, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.