Konekta mbovu ya antena yaweza kula faida ya duka

KWA wafanyabiashara wengi wadogo wa vijijini, mtandao wa simu sasa ni kitendea kazi cha duka kama ilivyo mizani. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mteja wa pembejeo amezoea kulipa kwa simu, wakala hutoa na kupokea fedha, na mnunuzi wa mazao hutuma malipo kabla gari halijaondoka.

Pale mawimbi yanapokuwa hafifu, baadhi yao hununua ruta yenye tundu la antena ya nje, kisha antena ikapandishwa juu ya paa au mlingoti. Fedha nyingi huishia kwenye ruta na antena. Lakini kinachoamua kama fedha hizo zitazaa mara nyingi ni kipande cha chuma kisichozidi ncha ya kidole, yaani konekta iliyofungwa mwisho wa kebo.

Konekta iliyofungwa vibaya haiharibiki siku hiyohiyo. Hufanya kazi wiki ya kwanza, halafu upepo ukitikisa kebo au mvua ikinyesha, mtandao unaanza kukatika na kurudi. Mwenye duka huilaumu kampuni ya simu, hubadili laini, pengine hununua ruta nyingine, na tatizo hubaki palepale.

Ijue kebo kwanza

Kebo ya antena ina tabaka nne. Katikati kuna waya wa shaba, unafuatiwa na plastiki inayouzunguka, kisha wavu wa nyuzi za chuma, na nje kabisa ganda la plastiki. Mawimbi husafiri kati ya waya wa katikati na wavu, hivyo vyote viwili lazima vishikwe barabara na konekta.

Miongoni mwa kebo nyembamba zinazotumika sana ni RG-58, yenye unene wa karibu milimita 5, RG-174 yenye milimita 2.8 na RG-316 yenye milimita 2.5. Zote tatu ni za omu 50, kipimo kinachotumika kwenye ruta na redio za mawasiliano.

RG-59, yenye unene wa milimita 6 hivi, ni ya omu 75 na hutumika kwenye kamera za ulinzi. Jina lake linakaribiana na la RG-58, na wauzaji wengine huzichanganya. Mnunuzi asome maandishi yaliyopigwa kwenye ganda badala ya kukisia kwa macho.

Wembamba wa kebo una gharama yake. Katika masafa ya megahezi 900, RG-174 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita. Desibeli 3 ni sawa na kupoteza nusu ya nguvu, kwa hiyo mita tatu tu za kebo hiyo hula nusu ya kile ambacho antena imekipata. RG-58 hupoteza karibu nusu ya kiasi hicho kwa mita. Masafa yakipanda, upotevu nao hupanda.

Kwa sababu hiyo, ni bora ruta ikae karibu na antena na kebo iwe fupi, kuliko kuteremsha mita kumi za kebo nyembamba hadi kaunta. Umbali ukilazimu, itafutwe kebo nene zaidi.

Konekta ilingane na kebo

Konekta ya kubana hununuliwa kwa kujibu maswali mawili. La kwanza ni aina ya tundu kwenye ruta. Ruta nyingi za laini ya simu hutumia SMA, na antena nyingi za Wi-Fi hutumia RP-SMA. Kwa nje hizi mbili zinafanana na hata huingiliana kwa kuzungushwa, lakini pini na tundu la katikati zimebadilishana nafasi. Zikichanganywa, ama katikati hapagusani kabisa au pini mbili zinasukumana na kuharibika.

Swali la pili ni kebo yenyewe. Konekta ya RG-58 haiwezi kuishika RG-174 hata ikibanwa kwa nguvu zote, kwa kuwa kibomba chake cha kubania ni kipana mno. RG-174 na RG-316 zinakaribiana, na konekta nyingi hutengenezwa kwa ajili ya zote mbili.

Koleo nalo lina kipimo. Shimo lake la pembe sita huwa la milimita 5.4 kwa RG-58, milimita 3.25 kwa RG-174 na RG-316, na karibu milimita 6.5 kwa RG-59. Plaizi ya kawaida hukibonyeza kibomba pande mbili tu, kikawa bapa, na wavu ukabaki umelegea pembeni. Koleo zuri ni lile lisiloachia mpaka limemaliza kubana.

Hatua za kufunga

Kwanza, kibomba cha kubania kivishwe kwenye kebo kabla ya kazi nyingine yoyote. Kikisahaulika hapa, kazi yote itarudiwa.

Pili, ganda, wavu na plastiki ya ndani vikatwe kwa urefu ulioelekezwa kwenye pakiti ya konekta. Kisu kisiguse waya wa katikati, kwani waya uliokwaruzwa hukatika baadaye. Unyuzi mmoja wa wavu ukigusa waya huo, mawimbi hayapiti.

Tatu, pini ivishwe kwenye waya wa katikati na kubanwa kwa tundu dogo la koleo, au kulehemiwa kama konekta ni ya aina hiyo.

Nne, shingo ya konekta iingizwe kati ya plastiki ya ndani na wavu. Wavu ukae juu ya shingo ukiizunguka sawasawa, kisha kibomba kisogezwe mbele kiufunike na kubanwa mara moja.

Baada ya hapo kebo ivutwe kidogo kwa mkono. Ikiteleza, konekta ikatwe na kutupwa. Kubana mara ya pili hakuokoi kazi.

Pima kabla ya kupanda paani

Multimita ya kawaida inatosha kwa kipimo cha kwanza. Kebo ikiwa haijaunganishwa popote, pini ya upande mmoja isomeke na pini ya upande wa pili, na ganda la konekta moja lisomeke na la nyingine. Pini na ganda visisomeke pamoja. Kebo itikiswe karibu na konekta wakati wa kupima. Kipimo kikiyumba, kiungo hakijashika. Kazi hii ifanyike kabla ya kufunga antena, kwa sababu baadhi ya antena zimeunganishwa ndani na zitampotosha fundi.

Kiungo cha nje kizungushiwe tepu ya mpira inayojishika, na kebo iachwe ining'inie kidogo chini ya tundu la kuingilia ndani ili maji yadondoke hapo. Maji yakipenya kwenye wavu hutembea ndani ya kebo na kuleta kutu.

Hesabu ya fundi na ya mteja

Tuseme fundi anatoza Sh20,000 za ufundi, na bodaboda ya kwenda na kurudi ni Sh5,000. Akiitwa mara mbili kurekebisha, nusu ya malipo yake imeishia barabarani, bado hajahesabu muda. Kama koleo la kufaa linauzwa Sh60,000, hiyo ni bei ya safari 12 za namna hiyo. Kwa anayefunga antena kila wiki, ni mtaji unaorudi mapema.

Kwa mwenye duka anayehitaji kebo moja tu, hesabu ni tofauti. Hana haja ya kununua koleo. Anunue kebo iliyokwisha kufungwa konekta kiwandani, kwa urefu anaouhitaji, au amtake fundi aipime kebo mbele yake kabla ya kumlipa.