Kabla ya Kupokea Shamba Lililochimbwa Dhahabu

Katika wilaya za Misungwi na Sengerema wako wananchi waliowakubalia wachimbaji wadogo kutumia sehemu ya mashamba yao. Siku ya kurejeshewa ardhi, maduara huwa yamefukiwa, vifusi vimesawazishwa, na pengine nyasi changa zimekwisha kuchomoza. Mwenye shamba hutakiwa kutia sahihi kwamba ameridhika. Ushauri wetu ni kwamba asiitie kabla ya kuliona shamba hilo likipitiwa na mvua, walau kwa msimu mmoja kamili.

Sababu ni maji. Mvua ya milimita 20, ambayo ukanda wetu waweza kuipata katika alasiri moja ya Novemba, ikinyesha juu ya ekari moja huwa ni takribani lita 80,000, yaani mapipa 400 ya lita 200. Ardhi yenye mizizi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Ardhi iliyofukuliwa kisha ikashindiliwa na magari hunywa kidogo mno. Maji hukusanyika, hukata makorongo, na mbegu huondoka pamoja na udongo. Kwa hiyo mpango ulio sahihi huanza na mitaro, ndipo mbegu zifuate. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa nyasi hupendeza pichani na mtaro haupendezi.

Mtaro wa kwanza huchimbwa upande wa juu wa eneo, ili maji ya mlimani yapite kando. Ndani ya eneo, makinga maji yafuate kontua, yakiwa na mwinamo mdogo wa sentimita 25 hadi 50 kwa kila mita 100, na yaishie katika bwawa dogo la kutuliza tope. Hapa wakulima wa mpunga tunawaomba wawe waangalifu: jaruba hujengwa ili maji yakae, ilhali makinga maji haya hujengwa ili maji yaondoke polepole. Maji yakituama juu ya duara lililofukiwa, kifusi hulowa na ardhi hudidimia, wakati mwingine ghafla, mtu au ng'ombe akiwa juu yake.

Jambo zito kuliko yote ni marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Mvua ikiyasomba, huteremka kwa vijito hadi Ghuba ya Mwanza. Huko, vimelea vya matopeni huigeuza zebaki kuwa sumu inayopanda kutoka kwa samaki mdogo hadi kwa mkubwa, na hatimaye ikafika mezani. Anayeathirika zaidi ni mtoto aliye tumboni. Marudio yasitandazwe shambani kama mchanga wa kawaida. Muulize mchimbaji ameyaweka wapi, ameyafunika kwa udongo gani, na ni mtaro upi unaoyalinda. Maji ya bwawa la tope yasinyweshwe mifugo kabla ya kupimwa. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Kuhusu mbegu, zilizo bora mara nyingi zimo katika udongo wa juu uliotengwa siku ya kwanza ya uchimbaji, endapo ulitengwa. Zinazoongezwa zipandwe mvua za vuli zinapoanza, na mifugo izuiwe. Jirani zetu wa Shinyanga walilithibitisha hilo kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986: ngitili, desturi ya Wasukuma ya kuyatenga malisho, ilirudisha miti na nyasi mahali palipokuwa pakavu. Ardhi ya mgodi ni ngumu zaidi, lakini nayo haivumilii kwato katika mwaka wake wa kwanza.

Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo anatakiwa kuwa na mpango wa utunzaji wa mazingira. Omba kuuona kabla ya kuruhusu duara la kwanza, kwa maana baada ya dhahabu kuondoka ni vigumu kumpata wa kuulizwa. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mchoro unaoonyesha marudio ndani ya mita hizo usikubaliwe.

Mvua kubwa ya kwanza ikikatika, tembelea shamba siku hiyohiyo. Tazama maji yanayotoka bwawani: yakiwa mekundu kwa tope, mitaro haijafanya kazi yake, na sahihi yako ingali mkononi mwako.