Pesa Zikikwama Ng'ambo, Kesi Itasikizwa Wapi?

Kutuma pesa kutoka Nairobi hadi Kampala ama London siku hizi ni kazi ya dakika chache. Shida ni ile siku pesa zimetoka kwako, upande wa pili hazijafika, na kila mmoja anasema kosa si lake. Je, ushtaki hapa Kenya ama huko zilikoenda? Hili si swali la mawakili peke yao. Nauli na ada ya wakili wa huko zinaweza kuzidi pesa zenyewe unazodai.

Ulikubali nini?

Kwenye yale masharti tunayopitisha kwa kubofya "Nakubali", mara nyingi kuna kifungu kinachotaja mahakama za nchi itakayoamua mizozo. Usikiruke. Mwaka wa 1985, katika kesi ya United India Insurance dhidi ya East African Underwriters, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema mahakama zetu zinaweza kusikiza kesi hata kama mkataba umetaja nchi nyingine. Lakini wahusika watashikiliwa makubaliano yao, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Na anayetaka kujitoa ndiye wa kuithibitisha sababu hiyo.

Tafuta pia neno "pekee". "Mahakama za Uingereza pekee" si sawa na "mahakama za Uingereza zinaweza kusikiza". Hiyo ya pili haikufungii mlango wa Milimani.

Kama mkataba umenyamaza

Hapo huangaliwa mkataba ulifanyiwa wapi, ulivunjwa wapi, na unayemshtaki anaishi ama anafanya biashara wapi. Kama yuko nje ya nchi, utahitaji ruhusa ya mahakama kumpelekea samansi huko.

Mahali akaunti ilipo pia pana uzito, hasa katika kujua ni sheria ya nani itatumika. Januari 1986, Marekani ilizuia mali ya Libya. Libyan Arab Foreign Bank ilikuwa na zaidi ya dola milioni 131 katika tawi la London la Bankers Trust, benki ya New York. Benki ikakataa kulipa, ikishika amri ya Marekani. Kesi ilisikizwa London, na mwaka wa 1987 jaji akaamua kwamba akaunti ya London inaongozwa na sheria ya Uingereza. Benki ikaamriwa kulipa.

Kushinda ni nusu ya safari

Hukumu bila mali ya kushika ni karatasi tu. Kwa hivyo jiulize mapema: huyu ninayemdai ana mali wapi? Hukumu za mahakama kuu za Uganda, Tanzania, Rwanda na Uingereza, kwa mfano, zinaweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya na kutekelezwa hapa. Marekani haimo kwenye orodha hiyo, kwa hivyo mwenye hukumu ya huko hulazimika kufungua kesi mpya hapa akiitegemea.

Fanya hivi

- Kabla ya kutuma pesa nyingi, soma kifungu cha mizozo na uhifadhi nakala yake.
- Weka ujumbe wa muamala, nambari yake na mazungumzo yote. Usifute.
- Pesa zikipotea, ripoti mara moja kwa kampuni uliyotumia na uombe nambari ya malalamiko.
- Kama unayemdai yuko hapa Kenya na deni halizidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na unaweza kwenda bila wakili.
- Kwa kiasi kikubwa, ona wakili kabla ya kushtaki popote. Ukianzia mahakama isiyofaa, unaweza kupoteza muda na kulipishwa gharama za mwenzako.

Mahali pa kesi mara nyingi huamuliwa siku ya kubofya "Nakubali", si siku ya kugombana. Dakika tano za kusoma siku hiyo ni rahisi kuliko tiketi ya ndege baadaye.