“Mtandao Unasumbua”: Kuupima Kabla ya Dharura

Maneno hayo yamezoeleka mno kwenye madirisha ya hospitali. Mgonjwa huambiwa angoje, naye hungoja. Lakini picha za CT za kichwa cha majeruhi zinapotumwa kwa daktari bingwa wa radiolojia aliye mbali, kungoja kwaweza kugharimu uhai. Ndiyo maana mafundi makini huupima mtandao mapema kwa kupitisha humo data isiyo ya mtu yeyote, iliyotengenezwa kwa ajili ya jaribio tu.

Chombo kinachojulikana zaidi ni ping, programu ndogo aliyoiandika Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa sona. Hutuma pakiti moja, hungoja jibu, kisha huhesabu milisekunde zilizopita. Ni chombo chema, ila huweza kudanganya. Pakiti yake ya kawaida haifikii baiti 100, ilhali zile zinazobeba picha hukaribia baiti 1,500. Njia inayopitisha baiskeli bila taabu haijathibitisha kuwa itapitisha lori. Hutokea ping ikajibu vizuri huku picha zikikwama njiani, na fundi akaapa kuwa mtandao ni mzima.

Kwa hiyo huhitajika shehena nzito. Programu ya iperf huwekwa kwenye kompyuta mbili, moja kila upande. Moja humimina data mfululizo kwa sekunde kadhaa, nyingine hupima kiasi kilichofika. Huweza pia kuonyesha pakiti zilizopotea na zile zilizofika kwa kuyumbayumba, kasoro ambazo hukatakata sauti ya daktari katika ushauri wa video.

Hapa pana hesabu inayowapotosha wengi. Kasi huuzwa kwa megabiti, lakini ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Picha za CT zenye jumla ya megabaiti 500, zikipita katika njia ya megabiti 8 kwa sekunde, huchukua sekunde 500, yaani zaidi ya dakika 8, hata kama njia hiyo haina mtumiaji mwingine. Tena kasi inayotangazwa mara nyingi ni ya kupakua. Hospitali inayotuma picha hutegemea ile ya kupakia, ambayo aghalabu ni ndogo.

Jaribio la usiku wa manane pekee halitoshi. Lirudiwe saa nne asubuhi, kliniki zikiwa zimejaa, lakini kwa muda mfupi na kwa kuwaarifu wahudumu kwanza, kwani shehena hiyo yaweza yenyewe kukwamisha matokeo ya maabara. Picha za wagonjwa halisi zisitumike. Faili la kubuni lenye ukubwa uleule linatosha.

Muuguzi naye, anapoandika kwamba mtandao unasumbua, aongeze saa, chumba na kazi iliyokwama. Hapo ndipo fundi huanzia jaribio lake.