Helikopta ya Sebuleni na Lugha Yetu

Likizoni huko Naitiri, katika Kaunti ya Bungoma, mpwa wangu wa Gredi ya Saba alinionyesha helikopta ndogo ya kuchezea aipendayo mno, ambayo huirusha sebuleni kwa rimoti. Nilimwuliza kwa nini ina mapanga (rafadha, kama zisemavyo kamusi) ya tabaka mbili, yazungukayo kinyume. Alianza kwa Kiswahili, akakwama, akamalizia kwa Kiingereza.

Simlaumu. Sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, nasi walimu wa Kiswahili aghalabu huishia kwenye methali. Ilhali jambo lenyewe lasemeka: rafadha ikizunguka upande mmoja, kiwiliwili husukumwa kuzunguka upande wa pili, rafadha ya pili huubatilisha msukumo huo. Katika helikopta kubwa, kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na rafadha ndogo ya mkiani.

Hata jina ni somo. Wengi hudhani limeungwa kwa "heli" na "kopta". Kumbe Mfaransa Ponton d'Amécourt, aliyelibuni mwaka 1861, aliunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya msokoto na bawa.

Ilipogonga pazia, kijana alilia, "Ndege wangu ameanguka!" Kisarufi, chombo "kimeanguka" ama ndege "imeanguka", kalamu nyekundu ingemwadhibu. Mimi ningeanzisha mjadala wa ngeli papo hapo.

Walimu wa Kiswahili na wakiazime kifaa hicho kwa kipindi kimoja. Betri hudumu dakika chache tu. Mwanafunzi akieleze hadi kitue, pasipo neno hata moja la Kiingereza.