Kabla ya Kufichua Maovu ya Kampuni kwa Maandishi

Mtumiaji wa bidhaa anayegundua kwamba kampuni inauza unga uliopitwa na muda, au inapunja vipimo, ana haki ya kuwatahadharisha wenzake. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya kinalinda uhuru wa kujieleza, na Kifungu cha 46 kinampa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Hata hivyo, Kifungu cha 33 kinamtaka pia anayejieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Kwa hiyo kampuni inayoona kuwa imeharibiwa jina inaweza kumshtaki mwandishi kwa kashfa.

Mwezi Februari 2017, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kesi ya madai bado ipo. Kampuni inaweza kudai fidia, mradi ifungue kesi ndani ya miezi 12.

Katika kesi hiyo, kampuni haihitaji kuthibitisha kuwa uliyoandika ni uongo. Ni wewe unayetakiwa kuthibitisha kuwa ni kweli.

Sheria yetu ya kashfa imetokana na ile ya Uingereza, na kesi moja ya huko inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1990, kampuni ya McDonald's iliwashtaki wanaharakati wawili wa London, Helen Steel na Dave Morris, kwa sababu ya kipeperushi. Walijitetea wenyewe, bila msaada wa kisheria wa serikali. Mwaka 1997, jaji aliona kuwa baadhi ya shutuma zilikuwa za kweli, ikiwemo ile kwamba matangazo ya kampuni yaliwatumia watoto vibaya. Nyingine hazikuthibitishwa, na kwa hizo wakaamriwa kulipa pauni 60,000, zilizopunguzwa hadi 40,000 kwenye rufaa. Mwaka 2005, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kunyimwa msaada wa kisheria kuliwanyima haki ya kesi ya usawa.

Kwa hiyo, hakikisha kila shutuma unayoandika ina ushahidi wake. Tunakushauri hivi:

1. Hifadhi risiti, pakiti, picha zenye tarehe na barua zote.

2. Andika ulichokiona. "Nilinunua pakiti hii tarehe 3, muda wake ulikuwa umepita wiki mbili" ni rahisi kuthibitisha. "Hawa ni wauaji" si rahisi.

3. Tenganisha maoni na habari. Maoni ya haki kuhusu jambo linalogusa umma yana utetezi wake kisheria, iwapo yamejengwa juu ya mambo ya kweli.

4. Iandikie kampuni kwanza, uipe muda wa kujibu, na uchapishe jibu lake.

5. Wasilisha malalamiko kwa mamlaka inayohusika. Malalamiko yanayotolewa huko kwa nia njema yana kinga kubwa kuliko tangazo kwa umma.

Ukipokea barua ya wakili wa kampuni, usiipuuze wala usiharibu ushahidi wako. Ikiwa kuna kosa katika ulichoandika, lisahihishe mapema. Ikiwa hakuna, mwone wakili kabla ya kujibu, na usikubali kuomba radhi kwa jambo unaloweza kulithibitisha.